Kwa Nini Wazee wa Msangano Hawamo Kitabuni

Nilianza kazi mwaka wa maboga. Watu wa Msangano ukiwauliza tarehe watakutazama tu, lakini ukisema mwaka wa maboga hata mlevi anakumbuka. Mahindi yalikauka yakiwa ndiyo yanatoa ndevu, mtama ukaliwa na ndege, tukabaki na maboga. Asubuhi boga la kuchemsha, mchana majani ya maboga, jioni mbegu za maboga za kukaanga, na Jumapili, kwa heshima ya siku, boga lenye chumvi. Watoto wetu walipata rangi ya manjano viganjani. Siwadanganyi. Dakta Subilaga, mtafiti aliyetufikia mwaka huohuo, aliwashika wale watoto mikono, akacheka, akasema si ugonjwa, ni boga limehamia kwenye ngozi. Nikamtazama huyo mwanamke nikasema moyoni, kumbe mtu anaweza kusoma chakula kwenye kiganja.

Ninyi vijana mliorithi vifaa vyetu vya kupimia wazee mmeniuliza swali moja mara tatu: kwa nini wazee wa Chitete wamo kwenye kitabu cha utafiti cha Dakta, wa milimani Ileje wamo, wa Msangano hawamo, wakati mimi niliwapima miaka yote hiyo? Nitawajibu. Ila siwezi kuanzia mkiani. Mjukuu wangu Tumaini, anayesoma sekondari Vwawa, amenisahihishia herufi. Maneno nimemkataza asiyaguse. Mshahara na vyeo msitafute humu, havikunifundisha kitu.

Dakta alikuja na pikapu nyeupe iliyokuwa nyekundu kwa vumbi. Akaomba mwanamke anayejua Kinamwanga, anayejua kusoma, na asiyesengenya. Mwenyekiti wa kijiji akamwambia, "Wa kusoma tunaye, wa lugha tunaye, huyo wa tatu bado hajazaliwa hapa." Nikachukuliwa mimi, wa darasa la nne, mjane, nimefunga kitenge kimoja cha kwenda nacho kote.

Siku ile ya kwanza nilimuuliza anatafuta nini kwa wazee wetu. Nilidhani atasema ugonjwa. Akasema, "Mama, kuna mtu ana miaka sabini amejikunja kama ndoano, na jirani yake wa umri uleule analima ekari nzima. Nataka kujua nguvu inakaa wapi mwilini, na ikiondoka inapitia mlango gani."

Sisi nguvu ya mzee tulisema ni Mungu, na ikizidi sana tulisema ni uchawi. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuifuata hatua kwa hatua kama unavyofuata mbuzi aliyepotea. Yeye alikuwa msichana tu wa Kindali kutoka Ileje, ana mwanya, viatu vya kanisani vimejaa vumbi. Na alikuwa anaifuata.

Kifaa cha kwanza alichonipa ni chuma cha kubana. Unakishika mkononi, unabana kwa nguvu zako zote, sindano inazunguka na kusimama pale ulipofikia. Tulikaa nje ya ofisi ya kijiji, wazee wamepanga mstari. Kijana mmoja wa mgambo akasimama pembeni anacheka. "Mnawapima hawa? Hawa si wa kupimiwa kaburi?"

Aliyekuwa mbele ya mstari ni Bibi Namukonda. Mwanamke mfupi, mweusi wa jua, wakati ule ndiyo kwanza anaanza kuitwa mzee. Alikitazama chuma, akakipangusa kwa kanga kana kwamba kimetoka jikoni kwa mtu mchafu, akabana. Sindano ikaenda. Dakta akaisoma, akaisoma tena.

Bibi akamnyooshea yule mgambo chuma. "Shika, mume wangu."

Kijana akabana mpaka mshipa wa shingo ukatoka. Sindano ikaishia nyuma ya ile ya bibi.

"Usilie," Bibi Namukonda akamwambia. "Nenda kachote maji miaka hamsini, halafu urudi."

Tulicheka mpaka wazee wengine wakasahau kuogopa. Dakta hakucheka. Alikuwa ameushika ule mkono wa bibi, anaugeuza huku na huku, anagusa nyama ya chini ya kidole gumba kwa adabu, kama mtu aliyeshika Biblia ya zamani. Mimi mikono ile nilikuwa nimeiona kila siku kisimani. Siku ile ndiyo niliiona.

Kifaa cha pili ni kiti. Mzee anakaa, anakunja mikono kifuani, anasimama, anakaa, anasimama, mpaka muda uishe kwenye saa. Tunahesabu mara ngapi. Kitu rahisi hivyo, na Dakta alisema kinaeleza mengi kuliko mashine za mjini. Lakini lazima kiti kiwe kilekile, maana kiti kirefu kinambeba mtu na kifupi kinamwonea. Fundi wa Tunduma alitutengenezea kimoja cha mninga, kizito kama dhambi, na mimi nikakibeba kichwani miaka yangu yote. Masika gari likikwama, mimi na kiti tunashuka, tunaendelea. Vijijini walinipa jina la Mwenyekiti. Watoto wakiniona mbali wanapiga kelele, "Mwenyekiti anakuja na kiti chake!" Viongozi halisi hawakulipenda, nami sikulikataa.

Ninyi leo mna viti vya kukunja na vishikwambi. Sawa. Ila mzee akishindwa kusimama, weka kishikwambi chini umshike. Nimeona mmoja wenu akibonyeza kwanza.

Kulikuwa na kifaa kingine, mfuko mkubwa wa kukusanyia pumzi. Mzee anavaa kinyago, anatembea kati ya vigingi viwili, anapumulia ndani ya mfuko, na kutokana na ile hewa Dakta anajua mwili umechoma chakula kiasi gani. Hilo bado sijamaliza kulishangaa. Chakula ulichokula jana kinatoka leo kama upepo na mtu anaupima! Lakini kijiji kilikataa. Mzee mmoja alisimama akasema, "Mnachukua pumzi zetu mnazipeleka wapi? Mnaenda kuziuza Nakonde?" Nakonde ni ng'ambo ya mpaka, na kwetu chochote kinachopotea kimeuzwa Nakonde. Dakta hakubishana. Alimaliza kupima, akafungua mfuko, akamwambia mzee, "Baba, kandamiza mwenyewe." Mzee akaukandamiza mpaka ukalala kama kiroba. Hewa yote ikampiga usoni. Akasema, "Inanuka maharage." Kuanzia hapo mfuko ulikubaliwa, na kila mzee alitaka kukandamiza wa kwake.

Miaka ikaenda. Tulipima, tukarudi mwaka uliofuata, tukapima walewale. Hiyo ndiyo kazi ambayo watu hawaioni, kurudi. Dakta akaanza kuota mvi, miwani ikaja. Na Bibi Namukonda, kila mwaka, sindano ilirudi nyuma kidogo. Mwanzoni alisema chuma kimechakaa. Baadaye aliacha kukilaumu. Mwaka mmoja alibana, akatazama sindano, akaniangalia mimi usoni. "Imeishia wapi, mwanangu?" Nikamwonyesha. Akakaa na ule mkono wake mapajani kama mkono wa mtu mwingine.

Hapo ndipo Dakta akaleta utafiti wa uji. Alisema nyama ya mtu mzee haijafa, imesinzia, na ukiichosha kwa kazi na kuilisha inaamka. Wazee wakawa wanafanya mazoezi asubuhi, kusimama na kukaa, kunyanyua vifuko vya mchanga. Halafu kila mmoja anapelekewa nyumbani bakuli la uji mzito wa ulezi, karanga na maharage ya kusaga. Tunapima bakuli likienda, tunapima kilichobaki likirudi. Tofauti ndiyo aliyokula. Nikafanya hivyo wiki nzima nikajiona profesa.

Dakta akaja na Elia, msimamizi mpya kutoka mjini, kijana mpole wa shati la kuchomekea. Dakta akafungua daftari langu, akavua miwani, akaivaa.

"Mama, Bibi Namukonda umempa uji kiasi hiki?"

"Ndiyo."

"Na akabakiza kingi kuliko ulichompa?"

"Ndiyo."

"Mama, aliongezaje uji?"

"Si uji. Ni mayai manne."

Elia akakohoa. Dakta akaendelea kufunua. "Na huyu?"

"Huyo karanga mbichi. Na huyo hapo chini kunde. Yule wa mwisho alinipa kuku, nikamwandika kando kwa sababu hakutulia kwenye mzani."

Jamani, nitawaambia nini? Kwetu bakuli la mtu halirudi tupu. Ukiletewa mboga kwenye bakuli la jirani, unaliosha, unaweka chochote ulicho nacho, unalirudisha. Kurudisha chombo kitupu ni kumwambia mtu asilete tena. Wale wazee waliosha mabakuli ya Dakta, wakatia walichokuwa nacho. Nami niliyezaliwa humohumo sikuona ajabu yoyote. Niliambiwa pima kinachorudi, nikapima kinachorudi. Wiki nzima ya sayansi ikawa soko.

Dakta alicheka mpaka akakaa kwenye kiti changu cha kupimia. Halafu akapangusa macho akasema, "Kosa si lako, ni langu. Nilikufundisha kupima bakuli, sikukufundisha kumtazama mtu." Tangu siku hiyo sheria ikabadilika. Kaa na mzee, mtazame akila, ndipo uandike. Kwenye fomu kulikuwa na kiboksi kimoja tu kwa kila siku, cha tiki. Amekula, unatia tiki. Hujamwona, unaacha wazi. Na Elia akatueleza sheria ya wale wa juu waliokuwa wakisimamia utafiti wote: kijiji chenye viboksi wazi vingi kupita kiasi hakitahesabiwa. Wazee wake wote wanatolewa, hata kama wamepimwa tangu mwaka wa maboga.

Nikaanza kukaa. Kwa Bibi Namukonda nilikaa mlangoni. Binti yake alikuwa kwenye biashara Tunduma, amemwachia wajukuu watatu, na mwaka ule nao mvua ilikuwa imetuchezea. Bibi alipokea bakuli, akasali, akalipeleka mdomoni mara mbili akasema, "Aa, tamu." Akafuta mdomo. Nikataka kutia tiki. Lakini mimi nimelea watoto saba, na mtoto anayeficha dawa shavuni namjua. Mdomo ulikuwa umefanya kazi yote ya mdomo. Koo halikupanda wala kushuka.

Nikageuka kidogo kama naangalia kuku. Bakuli likapita chini ya kanga, likaenda kwa wajukuu nyuma ya mlango. Likarudi limelambwa.

"Bibi," nikasema, "hukunywa."

"Nimekunywa."

"Bibi."

Akaweka bakuli chini. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mtu mzima akae anywe uji wa karanga, watoto wanamtazama macho? Ningekuwa mchawi. Andika nimekula, mwanangu. Kalamu haiumwi tumbo."

"Sikuona koo likimeza, siandiki."

"Wataniondoa! Uji hautakuja, na hawa watalala na nini?"

"Watoto nitajua mimi. Lakini sikuona koo likimeza, siandiki."

Aliniita majina ambayo Tumaini amekataa kuyaandika. Nikaondoka nimeacha kiboksi wazi. Nikaenda nyumba ya pili, ya tatu, ya nne. Nilipojua pa kutazama, niliona jambo lilelile. Babu anakula nusu na kuita mjukuu. Bibi mwingine anajifanya anapuliza uji upoe mpaka mtoto arudi kutoka shuleni. Kijiji kizima cha wazee kilikuwa kinalisha watoto kwa mdomo wa uongo, na mazoezi asubuhi wanafanya kwa tumbo tupu. Mwezi huo sindano ya Bibi Namukonda ilirudi nyuma kuliko mwaka mzima uliotangulia.

Mnaona hatari yake? Ningetia tiki, Dakta angesoma mjini kwamba wazee wa Msangano walikula uji kila siku wakazidi kudhoofika. Mtu fulani, mahali fulani, mwenye tai, angesema basi uji hausaidii wazee, tusiwape. Na hapo sindano ya kila mzee duniani ingekuwa juu yangu.

Nilimweleza Dakta yote. Alisikiliza amekunja mikono kama mtu anayepimwa. "Kwa hiyo mimi nilikuwa nalisha mtu mmoja," akasema, "na kwenu mtu mmoja hayupo." Sheria za utafiti hazikumruhusu kuwapa watoto ule uji. Nikamwambia hilo aniachie. Nikakusanya wanawake wenzangu wa kwaya, kila mmoja akaleta alichoweza, unga, karanga, viazi vitamu. Tukawa tunapika uwanjani kwangu sufuria moja kubwa, watoto wanakula kwanza. Wakishashiba, ndipo mabakuli ya wazee yanaondoka. Bibi Namukonda alituma mjukuu mara mbili kuhakikisha kweli wenzake wameshiba, na mara ya pili alimshika tumbo yeye mwenyewe. Kisha akashika bakuli.

Koo likapanda. Koo likashuka. Nikatia tiki, na nilivyoitia, karatasi ikatoboka.

Sasa sikilizeni. Baada ya miezi kadhaa, nilimpa chuma kile kilekile. Akakipangusa kwa kanga. Akabana. Sindano ikapita pale ilipokuwa mwezi uliopita, ikapita ya mwaka jana. Nikamwomba abane tena, nikidhani mimi ndiye nimekosea. Akabana tena, ikaenda palepale. Mwanamke wa miaka themanini na ushee, amezaa, amezika, amelima mpaka udongo ukachoka, na nyama yake ilikuwa imesikia uji ikaitika. Ikaitika! Nilikiweka chuma, nikakaa chini kwenye vumbi. Nimeona watoto wakizaliwa, nimeona mvua ikija baada ya miezi ya ukame. Sijaona kitu kama ile sindano. Dakta alipofika nilimwonyesha tu. Akapiga magoti mbele ya bibi, kama binti wa Kindali anavyomsalimia mkubwa, akabaki hapo.

"Inuka, utachafua nguo," Bibi Namukonda akamwambia. "Na mlete yule mgambo."

Basi. Utafiti ukafika mwisho wake, na mwisho wake ulikuwa pia wangu, miguu yangu yenyewe ilikuwa imeanza kukihesabu kiti. Tukakutana Chitete kufunga kazi, chumba kimoja chenye meza ndefu, fomu zimepangwa kijiji kwa kijiji. Elia alikuwa amehesabu. Zile siku za mwanzo za Msangano, kabla ya sufuria ya uwanjani kwangu, zilikuwa wazi nyingi mno. Tulikuwa tumepita kiasi kwa viboksi vichache tu.

Akavuta kiti karibu yangu. "Mama, nisikilize vizuri," akasema, na hakuwa mtu mbaya, nataka mlijue hilo. "Bibi Namukonda mwishowe alikula kila siku, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na wenzake?"

"Ndiyo."

"Basi hizi za mwanzo tuzijaze chache tu. Hakuna aliyekuwepo isipokuwa wewe. Ukijaza, wazee wako wote wanaingia kitabuni, na ule mkono wa bibi unaingia, watu wa dunia nzima watausoma. Usipojaza, ni kama hawakuwahi kuishi."

Hapo aliniweza. Nilitazama jina la Bibi Namukonda pale juu ya fomu, kwa mwandiko wangu wa darasa la nne. Nikaona babu wa mfuko wa pumzi, ambaye tulikuwa tumeshamzika. Nikaona miaka yangu yote imelala kwenye ile meza, na kati yake na kitabu kuna tiki chache tu, kitu cha kumaliza kabla chai haijapoa.

Nikamtazama Dakta Subilaga. Nywele zote zilikuwa nyeupe sasa. Yeye ndiye angepoteza kuliko sisi sote, maana ile sindano ndiyo aliyoifuata tangu akiwa msichana mwenye vumbi viatuni. Hakuniambia jaza. Hakuniambia usijaze. Alitoa kalamu yake mwenyewe mfukoni, akaiweka juu ya karatasi mbele yangu. "Mama," akasema, "uliyekuwepo ni wewe."

Nikaishika ile kalamu. Nikasoma kiboksi cha kwanza, cha pili, cha tatu, nikiikumbuka kila nyumba na kila mlango. Kisha nikafunika kalamu, nikamrudishia mkononi, nikawaambia wote wawili.

"Sikuona koo likimeza, siandiki."